Konsoli ya mkataba, gemu za hesabu: nini hasa unalipia kila mwezi

Mwezi Mei 2012 kampuni ya Microsoft iliweka katika maduka yake ya Marekani konsoli (mashine ya gemu inayounganishwa na televisheni) ya Xbox 360 yenye hifadhi ya gigabaiti 4, pamoja na kamera yake ya Kinect, kwa dola 99, wakati bei ya kawaida ya seti hiyo ilikuwa kama dola 300. Aliyeitaka kwa bei hiyo alitia saini mkataba wa miaka miwili na kukubali kulipa dola 14.99 kila mwezi, na ndani ya malipo hayo alipata uanachama wa Xbox Live Gold, yaani ruhusa ya kucheza na wenzake kupitia intaneti. Aliyevunja mkataba kabla ya wakati alidaiwa faini iliyoweza kufikia dola 250. Katika biashara ya simu za mkononi za nchi ile utaratibu huo ulikuwa umezoeleka kabisa, ila kwa konsoli lilikuwa jambo geni, na mjadala uliozuka wakati ule haujaisha mpaka leo: je, mtu anunue mashine ya gemu kwa fedha taslimu, au ailipie mwezi kwa mwezi?

Swali hili huulizwa kana kwamba ni moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Ndani yake kuna vitu vitatu vyenye bei tatu: mashine yenyewe, ruhusa ya kuingia mtandaoni, na gemu zinazochezwa. Mtu anaweza kuimiliki mashine moja kwa moja huku akiwa mpangaji wa viwili vilivyobaki, na anaweza pia kuilipia mashine polepole huku gemu zake zikiwa mali yake halisi kabatini. Anayelinganisha bei ya konsoli tu, ya taslimu na ya mwezi, amelinganisha theluthi ya jambo.

Hesabu ile ya 2012 inafaa kurudiwa polepole. Dola 99 za mwanzo, ukiongeza dola 14.99 mara 24, zinafika dola 458.76. Aliyenunua seti ileile kwa dola 300 na kulipia Gold kwa mwaka, ambayo wakati huo ilikuwa dola 60, alitumia dola 420 kwa miaka miwili, kwa hiyo mtu wa mkataba alizidisha kama dola 39. Kwa lugha ya benki, alikopeshwa dola 201 za mashine na kuzirejesha kwa riba inayokaribia asilimia moja na nusu kwa mwezi, kiwango ambacho hakipishani sana na kile cha kadi za mkopo za Marekani. Lakini Gold yenyewe ilikuwa na bei mbili. Asiyeweza kutoa dola 60 kwa mkupuo aliilipia dola 9.99 kila mwezi, ambazo kwa miaka miwili ni karibu dola 240, na akiongeza bei ya mashine anafika dola 540. Kwa huyu, mkataba wa dola 459 ulikuwa nafuu ya dola 80. Mkataba mmoja, basi, ulikuwa ghali kwa mwenye fedha na rahisi kwa asiyenazo, jambo ambalo katika biashara ya mikopo halitokei mara nyingi, na ambalo wakosoaji wengi wa wakati ule hawakulitazama kwa sababu wao wenyewe walikuwa watu wa kulipa kwa mwaka.

Ili kuelewa kilichokuja baadaye, waendesha bodaboda wa Tanzania wana maneno mawili yanayofaa kuliko istilahi yoyote ya kitabuni. Kuna pikipiki ya hesabu na kuna pikipiki ya mkataba. Mwenye pikipiki ya hesabu humpelekea tajiri wake kiasi walichokubaliana kila siku au kila wiki, na hata akiiendesha miaka mitano pikipiki hubaki kuwa ya tajiri. Mwenye pikipiki ya mkataba hupeleka fungu kubwa zaidi, lakini kwa muda uliowekwa, na siku ya mwisho hukabidhiwa kadi ya chombo ikiwa na jina lake. Wote wawili hutoa fedha kwa ratiba inayofanana, na mtu anayewaona wakihesabu noti jioni hawezi kujua yupi ananunua na yupi anakodi. Tofauti yao iko katika siku moja tu, ile ya mwisho, na kwa mtu wa hesabu siku hiyo haipo.

Mpango ule wa dola 99 ulikuwa mkataba kwa upande wa mashine, kwa kuwa baada ya miezi 24 konsoli ilikuwa ya mteja. Kwa upande wa Gold ulikuwa hesabu: mwezi wa 25 mlango wa mtandao ulifungwa mpaka alipwe tena mwenye mlango. Vitu hivyo viwili viliunganishwa katika tarakimu moja, dola 14.99, na ufundi wote wa bei za namna hii umo katika kuunganisha huko.

Microsoft iliurudia mpango huo kwa sura iliyoboreshwa mwaka 2018, kwa jina la Xbox All Access, na ulipata nguvu hasa Novemba 2020 zilipotoka Xbox Series S na Series X. Series S ililipiwa dola 24.99 kwa mwezi na Series X dola 34.99, zote kwa miezi 24, bila kianzio na bila riba, pamoja na Game Pass Ultimate, ambao ni uanachama unaompa mchezaji mamia ya gemu za kupakua na kucheza muda wote anapolipa. Hapa hesabu iligeuka. Series S kwa miezi 24 ilifika dola 599.76, na aliyenunua mashine hiyo taslimu kwa dola 299.99 kisha akalipia Ultimate kwa bei ya wakati huo, dola 14.99 kwa mwezi, alitumia dola 659.75. Mwenye kulipa kidogo kidogo aliokoa dola 60. Kwa Series X, iliyouzwa dola 499.99, akiba ilikuwa kama dola 20. Kampuni ilikuwa inamlipa mteja ili akubali kukopa.

Kwa nini kampuni ifanye hivyo? Jibu limo katika asili ya biashara ya konsoli. Mashine hizi kwa kawaida huuzwa kwa bei inayokaribia gharama ya kuzitengeneza, na mara nyingi chini yake. Mei 2021, katika kesi ya Epic Games dhidi ya Apple huko California, Lori Wright, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa biashara ya Xbox, alieleza mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kutokana na mauzo ya konsoli yenyewe. Faida hutoka kwenye gemu, ambako mwenye jukwaa huchukua sehemu ya kila mauzo, kwa kawaida asilimia 30, na kwenye ada za uanachama. Mfanyabiashara anayetazamia kupata chake ndani ya nyumba hawezi kung'ang'ania bei ya ufunguo. Aliyetumia Game Pass kwa miezi 24 ameshazoea kufungua mashine na kukuta gemu mpya bila kutoa fedha papo hapo, hajanunua gemu nyingi za kwake, na siku mkataba unapokwisha anajikuta na mashine iliyo yake kabisa na ghala lililo tupu. Dola 60 zile zilikuwa gharama ya kumfikisha hapo.

Sina nia ya kuuita mpango huo ulaghai, kwa kuwa haukuwa hivyo. Masharti yalikuwa wazi, riba haikuwapo, na familia nyingi zisizoweza kutoa dola 300 kwa siku moja zilipata mashine mpya badala ya kusubiri iliyotumika. Hata hivyo haukuwa wazi kwa kila mtu. Ulikuwa mkopo uliopitia kampuni za fedha, na mwombaji alichunguzwa historia yake ya kukopa na kulipa. Mgeni aliyefika Marekani karibuni, wakiwemo ndugu zetu wengi waliotokea Kongo na Burundi, hana historia hiyo hata kama ana kazi na mshahara, na kwake mpango wa kulipa polepole ungeweza kuwa mgumu kuliko taslimu, kwani fedha taslimu haiulizi ulikotoka.

Kuhusu mlango wa mtandao. Xbox Live ilianza Novemba 2002 kama huduma ya kulipia, na kwa miaka mingi wenye PlayStation, konsoli ya kampuni ya Sony, walijivunia kwamba kwao kucheza mtandaoni ni bure. Sony ilianzisha PlayStation Plus Juni 2010 kama nyongeza ya hiari, kisha ilipotoa PlayStation 4 Novemba 2013 iliufanya uanachama huo kuwa sharti la kucheza na wengine mtandaoni katika gemu nyingi. Nintendo nayo ilianza kutoza Septemba 2018, kwa bei ndogo zaidi ya dola 19.99 kwa mwaka. Tangu hapo hakuna kampuni kubwa ya konsoli iliyobaki na mlango wa bure, isipokuwa kwa gemu ambazo zenyewe hazina bei, na hata hizo kwa upande wa Xbox ziliondolewa sharti la Gold Aprili 2021 tu.

Yeyote aliyewahi kuwa na kingamuzi nyumbani anaielewa hali hii bila maelezo. Kingamuzi umekinunua, risiti unayo, kipo mezani, lakini kifurushi kikiisha kinabaki kuwa kisanduku chenye taa nyekundu. Konsoli haijafika huko moja kwa moja, kwa kuwa gemu ya mchezaji mmoja huendelea kuchezeka bila ada yoyote. Lakini kwa kijana ambaye gemu kwake ni mpira dhidi ya rafiki aliye mji mwingine, mashine isiyolipiwa mwezi imekwisha kazi. Huyu hata akinunua taslimu, mwezi kwa mwezi hajauepuka. Alichoepuka ni deni la mashine tu.

Ada za namna hii hupanda, na mpangaji hana la kufanya ila kulipa au kuhama. Game Pass ulianza Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Ultimate, uliokuja 2019 kwa dola 14.99, ulipanda hadi 16.99 mwaka 2023, ukafika 19.99 mwaka 2024, kisha Oktoba 2025 ukarukia 29.99. Kwa bei hiyo ya Oktoba 2025 mwaka mmoja ulifika dola 359.88, yaani zaidi ya bei ya Series S yenyewe siku ilipoingia sokoni. Aliyeanza All Access Novemba 2020 alilindwa na mkataba wake kwa miaka miwili. Kuanzia hapo kila ongezeko lilimkuta akiwa hana gemu za kujikimu. PlayStation Plus ya daraja la chini ilitoka dola 59.99 kwa mwaka hadi 79.99 Septemba 2023. Mara moja tu, kwa kumbukumbu yangu, wapangaji waliweza kuzuia kodi isipande: Januari 2021 Microsoft ilitangaza kwamba Gold itakuwa kama dola 120 kwa mwaka, watu wakaja juu, na kabla siku haijaisha kampuni ikaufuta uamuzi wake na kuomba radhi.

Upande wa pili, yule mnunuzi wa taslimu mwenye subira amepoteza silaha yake kuu. Zamani konsoli ilishuka bei kadiri ilivyozeeka. PlayStation 2 ilianza kwa dola 299 Marekani mwaka 2000, na kufikia Aprili 2009 ilikuwa inauzwa dola 99, kwa hiyo mzazi aliyesubiri alilipa theluthi ya bei na kukuta gemu zimejaa sokoni. PlayStation 5 ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025, ikiwa imekaribia miaka mitano, bei yake Marekani ilipandishwa kwa dola 50. Xbox Series X iliyoanza kwa 499 ilipandishwa mara mbili mwaka huohuo na kufika karibu dola 650. Ushauri wa wazee wa kusubiri bei ishuke ulikuwa sahihi kwa vizazi vingi vya mashine hizi, na kwa kizazi hiki umemgeuka aliyeufuata.

Gemu ndizo sehemu ngumu zaidi, na hapa neno kununua lenyewe limelegea. Diski ya gemu, au kaseti yake kwa mashine za Nintendo, ni kitu. Unaweza kumuazima jirani, kuiuza, kuibadilisha kwa nyingine, au kumwachia mdogo wako. Gemu iliyonunuliwa katika duka la mtandaoni la konsoli ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia iliyofungwa kwenye akaunti yako, na haiuziki wala hairithishwi kwa urahisi. Jimbo la California liliona tofauti hii kuwa kubwa kiasi cha kuitungia sheria, inayotumika tangu Januari 1, 2025, ambayo inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia maneno kama "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Chini ya leseni kuna Game Pass na ndugu zake, ambako hata ruhusa hiyo ni ya mwezi kwa mwezi, na gemu inaweza kuondolewa ghalani ukiwa katikati ya kuicheza.

Hili la tatu, la gemu za mwezi kwa mwezi, si jipya kama linavyoonekana. Mwaka 1994 kampuni ya Sega ilianzisha Marekani huduma ya Sega Channel, iliyopeleka gemu kwenye mashine za Genesis kwa waya wa televisheni ya kebo. Mteja alichagua gemu, ikapakiwa kwenye kumbukumbu ya kifaa chake, akacheza, na alipozima mashine gemu ikafutika. Huduma ilifungwa 1998. Diski ngumu za leo hazifuti kitu unapozima umeme, lakini uhusiano wa mchezaji na gemu ni uleule wa Sega Channel, uliovikwa hifadhi kubwa zaidi.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mwenye diski yuko salama, na mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu. Kilichonibadilisha ni kisa cha The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014. Ilihitaji kuunganishwa na seva, yaani kompyuta za mtandaoni, za kampuni hata kwa anayecheza peke yake, na Machi 31, 2024 seva hizo zilizimwa. Walioinunua mtandaoni na walioinunua kwa diski waliamka katika hali moja. Diski ilikuwapo, haina mkwaruzo, na haikufungua chochote. Kutokana na kisa hicho Ross Scott, mtengeneza video wa mtandaoni, alianzisha kampeni ya kutaka gemu zilizouzwa ziachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kuzitelekeza, na ombi la raia wa Umoja wa Ulaya lililotokana na kampeni hiyo lilivuka sahihi milioni moja Julai 2025. Kwa hiyo kabla ya kuulizana kama gemu ni ya diski au ya kupakua, kuna swali la awali ambalo limeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya kasha: je, inahitaji intaneti ili icheze?

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hesabu hii ina sura nyingine, na nimeona makala nyingi zikinakili tu bei za Marekani na kuishia hapo. PlayStation Network, yaani huduma ya mtandaoni ya PlayStation pamoja na duka lake, haina Tanzania wala Kenya katika orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti. Afrika Kusini imo, na Oman imo. Mswahili aliye Maskati hufungua akaunti yake kama kawaida na kulipa kwa kadi ya benki yake, ilhali binamu yake wa Tanga hujiandikisha kama mkazi wa Uingereza, Marekani au Falme za Kiarabu, kisha hununua vocha za nchi hiyo dukani au mtandaoni, akiongezewa faida ya muuzaji na tofauti ya sarafu. Huyu hana duka lililo lake kisheria, na akipata tatizo hana pa kulalamikia. Mipango ya kukopeshwa konsoli kama All Access haikuletwa kabisa kwetu. Ongeza pia kwamba gemu kubwa za siku hizi huzidi gigabaiti 100, na anayepakua kwa kifurushi cha simu hulipia gemu mara mbili, mara ya kwanza kwa mwenye duka na mara ya pili kwa mtandao wa simu. Ghala la mamia ya gemu lina thamani kwa mtu mwenye intaneti isiyopimwa. Kwa wa vocha za bando, ghala hilo ni dirisha la kutazamia.

Ndiyo maana ukanda wetu umeishi miaka mingi kwa njia ya tatu, ambayo wachambuzi wa ughaibuni hawaitaji kwa kuwa hawaioni: kibanda cha gemu. Nilikaa alasiri moja katika kimojawapo huko Temeke. Televisheni ilikuwa juu ya stuli, chini yake PlayStation 4 iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na pedi mbili ambazo mpira wa kijiti cha kushoto ulikuwa umelika mpaka ukabadilishwa na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kilichokatwa kwa mkasi. Vijana waliweka sarafu ya shilingi 500 juu ya televisheni kabla ya kukaa benchini, mechi ikaanza, aliyefungwa akanyanyuka, aliyefuata akaweka yake. Diski ya mpira ilikuwa ya miaka kadhaa iliyopita, na mashine ilipokwama kuisoma mwenye kibanda aliitoa, akaifuta kwa pindo la fulana kutoka katikati kwenda nje, akairudisha, nayo ikasoma.

Kila nilichokieleza hapo juu kilikuwa mbele yangu, kimepangwa kwa namna yake. Mashine ilikuwa mali kamili ya mwenye kibanda. Ruhusa ya mtandaoni hakuihitaji hata kidogo, kwa sababu wachezaji wawili wanaoketi benchi moja hawapiti kwenye mlango wa mtu. Gemu ilikuwa diski, inayocheza bila intaneti. Na wateja wake walikuwa watu wa hesabu kwa maana halisi, wakilipa kwa mechi, kiasi ambacho mwanafunzi anaweza kukipata kwa siku. Game Pass na PlayStation Plus haziwezi kuingia humo hata kwa fedha, kwa kuwa masharti yake yanaruhusu matumizi binafsi tu, na biashara ya kibanda imejengwa juu ya kutotegemea idhini ya mtu aliye mbali.

Mimi binafsi, mtu akiniuliza leo, humuuliza kwanza anacheza nini na nani. Anayeishi Minneapolis au Birmingham, mwenye intaneti ya nyumbani na watoto watatu wanaobadili gemu kila wiki, atapata thamani kubwa katika uanachama kwa mwaka mmoja au miwili, na namshauri aweke kando walau bei ya gemu mbili za diski kila mwaka ili siku akiacha kulipa asiachwe na ghala tupu. Anayecheza mpira pekee, dhidi ya ndugu aliye chumba kimoja naye, hana sababu ya kulipia mwezi wowote. Anayecheza mpira huohuo dhidi ya watu wa mbali anahitaji daraja la chini kabisa la uanachama na hahitaji ghala, na kumuuzia kifurushi cha juu ni kumbebesha gemu mia asizozigusa. Na kuhusu mkopo wa mashine, pale unapopatikana bila riba naukubali, mradi mkopaji aandike kwenye karatasi fungu la mashine mbali na fungu la uanachama, ili ajue mwezi wa 25 ni fungu lipi linakwisha na ni lipi linaendelea.

Mwenye kibanda wa Temeke alikuwa anafikiria kupanda hadi PlayStation 5, na muuzaji alikuwa amempendekezea toleo lisilo na sehemu ya diski kwa kuwa ni rahisi. Mwaka 2020 tofauti ya matoleo hayo mawili ilikuwa dola 100, 399 dhidi ya 499, na huku kwetu inabaki kuwa fedha nyingi. Tulikaa tukapiga hesabu nyuma ya daftari lake la mechi. Tuseme gemu mpya ya mpira ni dola 70, na diski yake msimu ukiisha inauzika kwa dola 30. Kwa misimu mitatu diski zinamrudishia 90, na wa nne unapoisha zile dola 100 zimesharudi, bila kuhesabu kwamba yeye hanunui diski mpya: huchukua iliyotumika kwa mwenye kibanda cha barabara ya pili, miezi sita baada ya kutoka, na humuachia yeye ya zamani pamoja na nyongeza kidogo. Toleo lisilo na diski lingemnyima jirani huyo. Alichora mstari chini ya hesabu, akauliza kama ile yenye diski inapatikana iliyotumika, na kijana wa benchini akamkumbusha kwamba mechi imeisha.